Namba Moja na Namba Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Jua. Chumba nyuzi ishirini na sita.

Nimeanza na hali ya chumba kwa mazoea. Miaka ishirini na mitatu maabara, kila asubuhi kabla ya jambo lolote unaandika hali ya chumba. Sasa nimejinunulia daftari langu mwenyewe na bado mkono unaanza hivyohivyo.

Leo Fundi ameleta kitu chake. Fundi ni mtengenezaji wa vifaa vya hospitali. Alikuja siku moja kurekebisha jokofu la damu, akabaki miaka kumi na moja. Kwa miezi minane amekuwa akijifungia karakana na mota ya printa iliyokufa, na sisi tukamcheka. Leo amekiweka mezani. Ni reli fupi ya bati inayopita chini ya sindano ya mashine yetu ya kupima damu, na juu yake trei yenye matundu kumi. Unapanga chupa kumi za damu, unabonyeza, trei inajisogeza yenyewe. Sindano inashuka, inanyonya, inapanda, chupa inayofuata inasogea. Mwisho mashine inatoa karatasi yenye majibu kumi, moja hadi kumi.

Zamani nilikuwa nashika chupa moja mkononi, nasoma jina, nainua hadi kwenye sindano, nasubiri, naandika. Chupa kumi zilikula saa nzima. Leo zimekula dakika ishirini, na mimi nimekaa kitako kama bibi harusi.

"Inaitwaje?" nikamuuliza.

"Wewe ndiye utakayeitumia, Dada. Ipe jina."

Nikaiita Treni. Kufika mchana hospitali nzima ilikuwa inauliza Treni imeondoka au bado.

Jumanne, 4 Machi

Jua. Safari tatu, watu thelathini. Mgongo hauniumi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza, na kubwa. Kioo cha dirisha la kushoto kilivunjika mwaka juzi na hakuna aliyeweka kingine. Maji yakaingia moja kwa moja juu ya meza ninapopakilia Treni. Nilidhani kazi imekwisha. Fundi akacheka, akainyanyua trei na chupa zake, akaihamishia meza ya kulia, upande wa pili wa mashine, akabonyeza. Ikaingia kutoka huko bila taabu.

"Inaingia kushoto, inaingia kulia," akasema. "Haina ubaguzi."

Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Mtu aliyefikiria hata mvua!

Leo nimempima Mama pia. Ni mama wa marehemu mume wangu. Mume wangu ametangulia miaka sita sasa, mama yake akabaki na mimi, na hakuna aliyewahi kutuuliza kama tunapendana. Daktari anataka wazee wote wapimwe sukari, na vile vipimo vya kidoleni vimebaki vichache, vimefungiwa wodini kwa ajili ya dharura. Basi nikamleta asubuhi mapema, nikamweka namba moja mbele ya foleni yote. Ukiwa na mkwe maabara lazima upate faida.

Safari ya kwanza ilikuwa na watu tisa tu. Treni haiondoki na tundu tupu, sindano hunyonya hewa ikalalamika. Fundi akakunja shati. "Mimi abiria wa mwisho. Nitoe." Nikamtoa damu, nikamweka namba kumi.

Majibu: Fundi tano nukta mbili, safi kabisa. Akatembea ukumbini akijigamba ana damu ya mtoto mchanga.

Mama, ishirini na moja.

Niliitazama karatasi nikadhani macho yangu yananidanganya. Mtu ambaye hajala anatakiwa awe kati ya nne na sita. Ishirini na moja! Na mwanamke mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi akimsimulia mlinzi habari za jirani yetu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Daktari ameshamwanzishia Mama vidonge vya kushusha sukari, kimoja kila asubuhi. Nimetoa kopo la sukari jikoni, nimelificha kabatini chini ya mashuka.

Ijumaa, 7 Machi

Jua. Namba ambazo Fundi alizipaka rangi kwenye trei zimefutika kwa dawa ya kusafishia. Haidhuru. Moja hadi kumi naijua.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Chumba nyuzi ishirini na mbili.

Mama amegoma vidonge. "Mimi sina sukari," anasema. "Sukari ninayoijua ni ya kwenye kopo, na hilo umelificha."

"Mama, damu yako imesema."

"Basi damu yangu ni msengenyaji. Mimi nimekaa na huu mwili miaka sitini na tisa, yeye kaingia mashine dakika mbili, ndiye anayeaminiwa?"

Nimesimama mbele yake hadi amemeza. Kisha nikamwambia afungue mdomo, nikatazama chini ya ulimi kama mtoto wa chekechea.

Jumanne, 11 Machi

Mvua.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Treni safari tatu kutoka kulia.

Ijumaa, 14 Machi

Jua! Nguo zimekauka.

Nimempima Mama tena, namba moja kama kawaida. Nne nukta sita. Nilitaka kupiga vigelegele maabarani. Daktari ametabasamu: "Dawa inamfaa, aendelee hivyohivyo." Nimemwambia Mama kwamba vidonge vimemwokoa. Amesema ameokolewa na Mungu, vidonge vimempa njaa na kijasho tu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Wageni wamekuja kutoka makao makuu kuitazama Treni. Wamepiga picha, wamemshika Fundi mkono, wamesema hospitali nyingine lazima ziipate. Fundi alikuwa anajibu maswali huku chupa ya maji mkononi. Alimaliza moja, akafungua nyingine, akaomba radhi mara mbili kwenda haja. Suruali imemlegea, ameongeza tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari.

"Unakonda, Fundi."

"Umaarufu, Dada. Unakula mtu."

Nami nikaona kweli, sifa zimempanda. Hata chakula cha mchana anakula cha watu wawili na bado anatazama sahani yangu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Jua kidogo. Mama amelala hadi saa nne asubuhi. Si kawaida yake.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimekasirika.

Kipimo cha tatu cha Mama, namba moja. Kumi na saba.

Kumi na saba baada ya nne nukta sita! Mimi ni mtu wa maabara, sihitaji kuambiwa. Mtu anameza dawa mbele ya macho yangu, dawa inamfaa, kisha sukari inapanda hivyo? Kuna mkono unaoingia kwenye kopo. Nimerudi nyumbani, nikafungua kabati, nikainua mashuka, na wallahi nikaona kopo limepungua.

"Mama, umekula sukari."

"Sijala."

"Mama."

"Nimeiba, ndiyo maneno yako? Miaka sitini na tisa sijaiba, nije kuiba kijiko cha sukari kwa mkwe?"

Alisema hivyo akaanza kulia, na mimi sikumbembeleza. Nimelipeleka kopo kazini. Kaa na mtu miaka sita, mpikie, mfulie, halafu akudanganye usoni. Mama ni mwongo. Naandika kwa kalamu ya wino na sifuti.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Daktari ameongeza dozi: vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Fundi ameondoka na Treni ya pili kwenda kuifunga hospitali ya mji mwingine. Alikunywa jagi zima la maji kabla ya kupanda gari. Nilimtania kwamba dereva atasimama kila kichaka.

Jumatano, 26 Machi

Jua.

Alhamisi, 27 Machi

Jua. Naandika nikiwa wodini, kwenye stuli, karibu na kitanda chake.

Asubuhi nilimpa vidonge viwili. Akanywa na maji, akagusa chakula kidogo, akaacha. Nilikuwa nafunga viatu aliponiita.

"Mwanangu, nipe chai ya sukari. Mwili unatetemeka."

Nilimtazama. Alikuwa ameloa jasho kwenye paji la uso, na mikono inacheza juu ya kanga. Na mimi, niliyesomea damu, ninayejua tangu chuo kwamba kutetemeka na jasho na njaa ni mtu aliyeishiwa sukari, nilimwambia nini?

Nilimwambia, "Mama, maigizo haya siyataki."

Nimeandika sentensi hiyo, kalamu ikasimama. Sasa inatembea tena. Nilimwambia hivyo nikaenda kuchukua mkoba. Niliporudi alikuwa sakafuni, macho wazi, hanioni. Nilimwita Mama. Nilimwita kwa jina lake, jina ambalo sijawahi kulitamka mbele yake. Hakuitika.

Jirani akatuletea gari. Wodini nesi akatoa kipimo cha kidoleni kwenye vile vya dharura. Moja nukta sita.

"Moja nukta sita?" nesi akarudia. "Huyu si ndiye wa kumi na saba Jumatatu?"

Wakamwekea dripu ya glukosi. Daktari akauliza kama amemeza vidonge vingi kwa bahati mbaya. Nikasema nilimpa mimi, kwa mkono wangu, sawasawa na alivyoandika.

Bado hajafumbua macho.

Ijumaa, 28 Machi

Jua asubuhi. Mvua kuanzia saa tano. Mambo ya asubuhi hii lazima niyaandike vizuri, maana najua nitaulizwa.

Mama alifumbua macho saa moja. Alinitazama, akasema, "Umenifungia sukari hadi nimeifuata hospitali." Nilicheka na kulia kwa pamoja, nesi akanitoa nje.

Sikwenda kupumzika. Nilikwenda maabara na chupa ya damu ya Mama iliyotolewa muda huohuo, sukari iko juu kwa sababu ya dripu. Nilitaka kujua kama mashine imeharibika. Nilimweka namba moja, matundu tisa yaliyobaki nikaweka damu yangu mwenyewe. Trei ikaingia kutoka kushoto. Karatasi ikatoka: namba moja, kumi na nne. Wengine wote, tano. Mashine haina kosa. Nilichanganyikiwa zaidi.

Nikasema nirudie, kipimo kimoja si kipimo. Hapo ndipo mvua iliponyesha. Maji yakaanza kuingia dirishani, na mimi, bila kuwaza, kama unavyovuta nguo kwenye kamba, nikainyanyua trei nikaipeleka meza ya kulia, nikabonyeza.

Karatasi ikatoka. Namba moja, tano. Namba mbili, tano. Tatu, tano. Nne. Nikafuata kwa kidole hadi chini. Namba kumi, kumi na nne.

Damu ileile. Chupa zilezile, sijazigusa.

Nilisimama hapo na karatasi mbili mikononi, mvua inanilowesha mgongo. Treni ikirudi kinyumenyume, behewa la mwisho ndilo linalofika la kwanza. Mashine haijui jina la mtu, inahesabu tu. Wa kwanza kufika kwenye sindano inamwita moja. Kutoka kushoto, wa kwanza ni namba moja. Kutoka kulia, wa kwanza ni namba kumi, na mashine inampa majibu yake mtu wa namba moja. Wa tisa anakuwa wa pili. Hakuna hata mmoja anayebaki mahali pake. Kila siku ya mvua nimewapa watu damu za watu wengine.

Na chupa zina majina! Mwandiko wangu mwenyewe uko ubavuni mwa kila moja. Zamani niliyasoma majina kwa sababu nilishika chupa. Treni ilinipumzisha, nami nikaacha kusoma.

Nilifungua daftari la wagonjwa, 5 Machi, safari ya kwanza. Namba moja, Mama, ishirini na moja. Kidole kikateremka chenyewe hadi namba kumi. Fundi, tano nukta mbili.

Jagi la maji. Mkanda. Sahani yangu ya chakula.

Nilipiga simu yake. Inaita, haipokelewi. Nikapiga mara nane. Nikatafuta namba ya ile hospitali, nikampata msimamizi wa maabara, mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Fundi wenu? Leo hajafika. Jana alikuwa anayumba kidogo. Sisi tukasema labda... unajua mafundi."

"Hajalewa!" nilipiga kelele, watu wa foleni wakageuka. "Ana sukari! Nendeni chumbani kwake sasa hivi, vunjeni mlango!"

"Sukari? Lakini alituambia amepimwa na Treni, ni mzima. Hata karatasi katuonyesha."

"Mimi ndiye niliyempa hiyo karatasi. Nendeni!"

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Walimkuta kitandani, anapumua kwa nguvu, haitikii. Kipimo cha kidoleni hakikutoa namba, kiliandika tu kwamba imepita kiwango. Wamemwekea maji na insulini. Sijui kingine. Simu nimeiweka mapajani.

Jumapili, 30 Machi

Bado.

Jumatatu, 31 Machi

Jua. Amezinduka. Msimamizi yule amemwekea simu sikioni. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Dada, wameniambia. Ni Treni?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilisema tu, "Inaporudi kulia."

Kisha nikamsikia analia, mwanamume wa miaka arobaini na mbili. "Nilisema haina ubaguzi," akasema. "Dada, nilijisifia kwa hilo."

Nikamwambia aliyeacha kusoma majina ni mimi. Akasema tusigombanie.

Jumatano, 2 Aprili

Jua. Daktari mkuu ametuita. Swali lake lilikuwa moja: siku zipi? Safari tatu kwa siku, watu thelathini. Tuwaite akina nani? Daftari la maabara linaonyesha joto la chumba, halionyeshi upande wa trei. Hakuna anayekumbuka. Nesi mmoja alisema labda wiki mbili, mwingine akasema mwezi mzima, na watu wa mwezi mzima tukiwaita wote vipimo vya kidoleni havitoshi.

Kisha nikasema, "Mimi ninalo daftari la mvua."

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Mama amerudi nyumbani tangu jana.

Nimehesabu. Siku tisa za kazi zina neno mvua kabla ya Treni kusimamishwa. Siku tatu, tarehe kumi na tatu, kumi na tisa na ishirini na moja, sikuandika kitu, nilichoka au nilizembea, na sasa uvivu wangu unamaanisha watu tisini wa kuitwa bila uhakika. Jumla watu mia tatu na sitini.

Daktari mkuu anataka daftari lenyewe, si nakala. Litakaa kwenye faili, litasomwa na wakubwa. Nimekaa jikoni na mkasi. Nilitaka kukata Jumatatu tarehe ishirini na nne. Ile ya wino. Lakini ukurasa huo unaanza na mvua, na nyuma yake kuna mvua nyingine ya ishirini na tano. Nikikata, wagonjwa sitini wanaondoka na maneno yangu.

Mama aliingia, akaona mkasi. "Unashona?"

Nikaamua kumsomea. Nilimsomea yote, tangu mwanzo. Kopo chini ya mashuka. Chini ya ulimi. Nilipofika "Mama ni mwongo" niliweka kidole juu ya mstari, nikaisema. Nilimsomea "maigizo haya siyataki." Nilimaliza nikamwinamia miguuni.

"Inuka, utaumia kiuno," akasema. "Kwani ulidhani sijui ulivyokuwa unaniwaza? Uso wako hauna pazia."

"Nisamehe, Mama."

"Majuto ni mjukuu, mwanangu. Amekuja, sasa mlee." Akalisogeza daftari upande wangu kwa kidole kimoja. "Lipeleke zima. Na hao watu wakija, chai ya kwao iwe na sukari mpaka upate majibu."

Kisha akaniuliza kopo liko wapi. Nikamwambia bado liko kazini, kwenye kabati langu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Daftari nalitoa saa nane, nimeomba niandike la mwisho.

Fundi amerudi, mashavu yameingia ndani, mfukoni ana sindano zake za insulini. Hakusalimiana na watu wengi. Alikwenda moja kwa moja kwa Treni, akapiga msumari mmoja kwenye ubavu wa trei na kukata mfereji mmoja kwenye reli, upande wa kushoto. Trei ikaingia kushoto. Akaijaribu kulia, msumari ukagonga bati, ikakataa. Akaijaribu tena na tena, akisikiliza ule mgongano.

Dakika nne. Nilitazama saa. Msumari wa inchi moja, wa aina ileile aliotobolea mkanda wake.

Dirishani kuna kioo kipya.

Treni haitaondoka leo. Leo nashika chupa moja moja, nasoma jina kwa sauti, na mwenye jina anaitika ndipo naiinua kwenye sindano. Foleni imefika hadi getini. Watu wanakasirika, wana haki. Wengine wanacheka kwamba maabara imegeuka darasa.

Mia tatu na kumi na wawili wamepatikana kwa simu. Kati ya ambao bado hawajapatikana yuko mama mmoja wa tarehe 24 Machi, safari ya kwanza, namba kumi, aliyekuja kutoka mbali akafika wa mwisho siku ile Mama wangu alipotangulia mbele ya foleni yote. Kumi na saba ni yake. Mimi nilimpa karatasi ya nne nukta tisa, akanishukuru kwa mikono miwili.

Nimempigia asubuhi mara tatu. Sasa napiga tena. Inaita.